PlayStation au Xbox? Mie nshahama hama, nisikilize

Kila kijana anaetaka kununua mashine ya gemu anaanza kwa kuniuliza wewe wa PlayStation (PS) ya Sony au wa Xbox ya Microsoft, na mie sina jibu tena yakhe, nshakuwa wa wote. Nilianza na mashine za Sega, wenye gemu la Sonic, tena Sega kindakindaki, wale wa Nintendo, wenye Mario wao, skuli tulikuwa hatuwapi hata salamu. 2001 Sega wenyewe wakaacha kutengeneza mashine baada ya Dreamcast, na 2007 Sonic na Mario wakatiwa kwenye gemu moja la Olimpiki wanakimbizana kama ndugu. Sisi huku tumenuniana miaka, wenyewe wanagawana pesa!

PS2 ndo ilonichukua, na nani Mjini haikumchukua? Unakwenda kibandani, unalipa, unapiga Winning, lile gemu la mpira, mechi moja, ukifungwa unampisha mwenzio pedi. Shida yake umeme. Vitu vingi vinavoingia Unguja ni mtumba wa Japani, na Japani umeme wao ni volti 100, wetu 230. Mtu anatoka Darajani na PS2 lake la Japani kwenye mfuko, kafurahi, anafika Kikwajuni anachomeka moja kwa moja ukutani, puu! harufu ya kuungua nyumba nzima na mama anaita toka jikoni kuna nini huko. Kwa hio mpaka leo ukikuta mashine ya mtumba, ya kampuni yoyote, kabla ya bei igeuze usome kibandiko. Imeandikwa 100-240V chukua, imeandikwa 100V tu mpelekee fundi kwanza. (Wanaokumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima kiza wanajua, hakukuwa na Sony wala Microsoft, ilikuwa dhumna tu.)

Xbox 360 nilihamia kwa ajili ya ndugu zangu wa Muscat, wote walikuwa nayo na nikitaka kucheza nao. Nzuri, pedi yake mpaka leo naipenda kuliko zote. Ila zile taa nyekundu za kukwambia mashine imekufa zilikuwa maarufu dunia nzima, 2007 Microsoft ikabidi waongeze garantii iwe miaka mitatu, sasa garantii ya huko wewe wa Jang'ombe inakusaidia nini? Garantii yako ni fundi.

PS4 nikarudi Sony na sababu si Sony, ni mtaa. Wenzangu wote walikuwa nayo, diski zinazunguka nyumba kwa nyumba, unamaliza gemu unabadilishana na jirani au unaliuza. Ndo maana Xbox Series S sikushauri ingawa bei yake inavutia, haina pa kutia diski, kila kitu unadaunlodi, na gemu moja kubwa siku hizi linapita GB 100, hesabu bando mwenyewe. PS5 Digital hivohivo. Na Game Pass, ile ya Xbox unalipa kwa mwezi unacheza gemu chungu nzima, ilokuwa inanivutia, Oktoba 2025 ile Ultimate imepanda Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Mwezi huohuo wakatangaza Halo inakuja PS5, Halo! gemu la Xbox wenyewe ambalo watu walitukanana kwa ajili yake tangu 2001.

Basi tembea mtaani kwenu uone watu wana nini, ununue hio hio, yenye pa kutia diski. Ukiwa na diski za zamani za 360 hapo Xbox Series X ina maana, zilomo kwenye orodha yao inazisoma, PS5 diski ya PS3 haisomi.

Ukichukua PS5, Tanzania haimo kwenye nchi za PSN, mtandao wa PlayStation wa kununulia gemu na kucheza na wenzio, watu wanafungua akaunti ya nchi nyengine. Fikiri kabla hujabonyeza, nchi ukishaichagua haibadiliki na kadi za kuongezea pesa lazima ziwe za nchi hio hio, akaunti ya Marekani na kadi ya Imarati haviingiliani, na muuza kadi harudishi pesa.