Ilaze chini kwanza, ndipo uinunue

Jumatatu usiku kijana mmoja wa Moshi aliniandikia: "Kaka habari. Nimepata pikipiki ya cc 1200 ya mwaka 2008, kilomita 38,000 tu. Mzungu anaondoka mwisho wa mwezi. Ina maboksi yake matatu ya alumini. Naitaka kwa safari za kambi. Niivute?"

Nikausoma mara mbili, nikaweka simu mezani, nikaenda kunywa maji. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka sita iliyopita. Hata maboksi yalikuwa matatu.

Nawajua mnaonisoma. Hakuna kati yenu anayetafuta pikipiki ya kwendea kazini. Sote tunaitaka ile picha: pikipiki kwenye stendi, hema pembeni, birika jikoni, mlima Oldoinyo Lengai kwa nyuma. Mimi picha hiyo ninayo na wengi mliisifia. Nusu saa kabla haijapigwa, pikipiki ileile ilikuwa imelala ubavu mchangani, petroli inadondoka kwenye kifuniko cha tangi, na mwenye nayo amekaa juu ya boksi la alumini anatazama viganja vyake.

Chapa yake sitaitaja. Kosa halikuwa la kiwanda, na vita na mashabiki sivitaki.

Muuzaji alikuwa mtu mstaarabu, alinipokea kwa chai. Nilipofika injini ilikuwa inanguruma tayari. "Nimeipasha kidogo usije ukasubiri," akasema, nami nikamshukuru. Nikamshukuru! Fundi wangu alikuwa ameniomba nisiende bila yeye. Nikajisingizia kwamba atanichelewesha, kumbe niliogopa atasema hapana. Nikalipa milioni 17, akiba ya miaka mitatu na zamu yangu ya upatu juu yake. Mama watoto alipoiona uani aliuliza swali moja tu: "Ukianguka nayo, utaiinua?" Nikacheka.

Njia ya Ziwa Natron kutoka Arusha ni kama kilomita 240. Hadi Mto wa Mbu ni lami tupu. Ukikata kulia kuelekea Engaruka ndipo safari inapoanza: mawe, makorongo, halafu vumbi laini kama sembe. Pikipiki yenyewe na tangi lililojaa ilikuwa kama kilo 260. Nikaongeza maboksi, hema, jiko, kiti cha kukunja, maji lita 10 na, Mungu anisamehe, sufuria ya chuma ya kupikia pilau. Nilikuwa peke yangu. Hiyo pilau ningempikia nani?

Baada ya Engaruka gurudumu la mbele likazama. Nikaachia mafuta kwa hofu, jambo ambalo mchangani hulifanyi, ikalala. Nikajaribu kuinua, ikagoma. Nikashusha mizigo yote, nikajaribu tena, ikaja hadi magotini ikarudi. Mara ya tatu sikuifikisha hata magotini. Vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wanatazama muda wote, wamesimama kwa mguu mmoja. Mmoja akaja, akalaza fimbo yake chini taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, kwa nini umenunua inayokushinda?"

Nilikuwa na miaka 34. Hilo "mzee" liliuma kuliko mgongo.

Wakanisaidia tukaiinua. Sikuwa na moyo wa kuendelea, nikapiga hema palepale na ile picha yenu nikapiga hapo. Asubuhi haikuwaka: betri tupu. Nilirudi Mto wa Mbu juu ya Canter ya mbuzi, milioni 17 zimefungwa kamba kama ng'ombe, na mbuzi mmoja akatafuna mkanda wa hema njia nzima. Mkanda huo ninao hadi leo, una meno.

Gereji wakakuta koili ya kuchajia imeungua, na si jana. Fremu ya nyuma, pale keria ya maboksi inapofungwa, ilikuwa na ufa uliopigwa rangi juu. Spea Arusha hakuna, ikaagizwa Afrika Kusini, wiki tano. Simu ya yule mstaarabu iliita hadi ikakata. Mwishowe niliiuza milioni 9, na bado inaniuma, nisiwadanganye.

Sasa mdogo wangu wa Moshi, nisikilize. Unaangalia kilomita na maboksi. Angalia uzito. Usiniletee habari ya nguvu za farasi. Kambini unafika peke yako, jioni, umechoka, kwenye njia mbaya kuliko zote za siku hiyo, na hapo ndipo inapolala. Pikipiki usiyoweza kuiinua peke yako si yako, ni ya yeyote atakayepita akusaidie.

Ya pili nilipoenda kuiona, Suzuki V-Strom 650, nilibeba godoro kuukuu kwenye bajaji. Muuzaji alidhani nimehama nyumba. Nikamwomba tuilaze juu ya godoro, akakataa, nikamwekea elfu hamsini mezani kama dhamana ya mkwaruzo, akakubali huku akiita majirani waje kushuhudia. Nikaingiza gia ili isibingirike, nikakunja usukani hadi mwisho upande iliolalia, nikaipa mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja usukani na mwingine keria, nikasukuma kwa miguu nikirudi kinyumenyume hatua ndogondogo. Mgongo usiutumie kabisa, kazi ni ya mapaja. Ikasimama. Majirani wakapiga makofi, mimi nusura nichape kilio. Ile ni kama kilo 220 na mafuta. Tofauti ya kilo 40 kwenye karatasi ni ndogo. Nenda kanyanyue mfuko wa simenti, ndio utanielewa.

Mengine ni mambo ya dakika ishirini. Weka kiganja kwenye injini kabla hujamsalimia mtu vizuri. Ikiwa ya moto, amka uondoke, au mwambie utarudi kesho alfajiri. Injini ya moto huficha uvivu wa kuwaka, moshi wa asubuhi na milio ya vali. Nenda na testa ya umeme, ile inayosoma volti: betri ikiwa imetulia isome kama volti 12.6, ukiwasha na kuongeza mafuta kidogo ipande hadi 14 hivi. Isipopanda, koili au reguleta (kidhibiti cha umeme wa kuchaji) ni mgonjwa, na mimi mgonjwa huyo nilishamzika. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi, lile gurudumu la meno, uivute. Ikiachia na kuonesha nusu ya jino, hesabu kununua seti nzima ya cheni na sproketi. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukisikia unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tairi lina tarakimu nne pembeni: 2214 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2014, na hilo tairi ni pambo hata kama meno yake yamejaa. Halafu lala chini, nasema lala, suruali itafuliwa, uangalie fremu ya nyuma kwa tochi. Rangi mpya kwenye pikipiki kuukuu ni swali.

Na karatasi. Mzungu anayerudi kwao mara nyingi pikipiki yake iliingia kwa msamaha wa kodi, hasa kama ni ya mradi wa wafadhili, zile namba za DFP. Siku ya kubadilisha jina TRA watadai kodi yao, na atakayekuwa amesimama dirishani ni wewe, yeye yuko kwao. Linganisha namba ya chesisi na kadi kwa macho yako, siyo kwa picha ya simu.

Mtaniuliza kwa nini si nyingine. Yamaha XT660Z ni jembe, tangi lita 23, lakini siti iko sentimita 89.5 na mimi miguu yangu ni ya mjini. Honda Transalp 700 nilikaribia kuichukua, ila tangi ni lita 17.5, na ukienda Natron na kurudi ukazungukazunguka utamaliza kwa kununua mafuta ya chupa. Yangu ina lita 22, siti sentimita 82. Kasoro zipo: kichujio cha oili kimekaa mbele, mawe yanakiona, ndiyo maana kitu cha kwanza nilichoifanyia ni bati la kinga chini ya injini. Vali hukaguliwa kila kilomita 24,000, na sikurupuki, nahesabu. Na msidharau ndogo. Bodaboda wa Boxer na gunia la mkaa nyuma wamenipita mchangani mara nyingi kuliko ningependa kukiri hapa.

Mwezi huu nimerudi tena Kitulo, ile hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini. Nilipanda zile kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala nikiwa na mabegi ya turubai badala ya maboksi, sufuria moja ya alumini, na maji lita tatu. Maua yalikuwa yameshaisha, asubuhi siti ilikuwa na barafu nyeupe kama chumvi, nikaikwangua kwa kadi ya benki. Ilianguka mara moja, kwenye tope la kuingilia kambini. Nikaiinua, nikajifuta, nikachemsha chai. Hakuna aliyeona, ndio maana nawaambia.

Kwa hiyo kijana wangu, Jumamosi nenda, lakini usimwambie saa. Godoro kama huna, langu lipo, pita ulichukue.