Udaktari wa dharura nausomea wapi?

SWALI: Shikamoo dokta, niko intanshipu huku Mbeya, juzi usiku wameletwa majeruhi wa ajali, kijana mmoja anakoroma damu mdomoni, mi nimeganda tu sijui nianze wapi. Udaktari wa dharura unasomewa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, hiyo hali naijua. Nenda MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar, programu ilianza 2010 pale Muhimbili, ni mastazi ya miaka 3, wa kwanza walihitimu 2013. Watakufundisha kuanza na njia ya hewa, halafu kupumua, halafu damu, kabla hata hujajua mgonjwa anaitwa nani. Yule anayekoroma koo limeziba, unainua taya bila kukunja shingo, unanyonya damu mdomoni kwa mashine, ndo mengine yafuate. Ukimaliza urudi huku jamani, barabara ya Tunduma hailali.