Maswali na Majibu: Spoila ya Nyuma kwenye Steshenwagoni

Kwa nini kioo cha nyuma cha steshenwagoni yangu hujaa vumbi upesi, ilhali cha gari la saluni hubaki safi?

Kwenye saluni, hewa ya paani huteremka ikifuata kioo kilicholala hadi kwenye buti, lakini paa la steshenwagoni hukatika ghafla na hewa, isiyoweza kukata kona kali namna hiyo, huachana na bodi. Nyuma ya mlango hubaki eneo la mgandamizo mdogo, ambamo hewa huzungukazunguka ikiokota vumbi na matope yanayorushwa na magurudumu na kuyabandika kiooni. Ndiyo maana steshenwagoni huwa na waipa ya nyuma, na ndiyo maana ni hatari kuiendesha mlango wa nyuma ukiwa wazi, kwani moshi wa ekzosi huvutwa ndani vivyo hivyo.

Je, spoila, yaani kipande kinachofungwa mwisho wa paa juu ya kioo cha nyuma, itaondoa vumbi hilo?

Hapa watu huchanganya vifaa viwili. Spoila inayorefusha paa husogeza nyuma mahali hewa inapoachana na gari na kuipa ukingo mkali wa kuachia. Ikiwa imeundwa vizuri, mgandamizo nyuma ya mlango hupanda kidogo, gari huvutwa nyuma kwa nguvu ndogo zaidi, na ekseli ya nyuma hainyanyuliwi sana. Kioo, hata hivyo, kitaendelea kuchafuka. Kifaa cha pili ni kikingio kilichoinuliwa juu ya paa, kilichoonekana sana kwenye steshenwagoni za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, ambacho huelekeza hewa chini ili ipite juu ya kioo. Hicho hupunguza vumbi, ila kwa kawaida huongeza ukinzani wa hewa, yaani nguvu ya hewa inayolizuia gari kwenda mbele. Mimi ningenunua mpira mpya wa waipa.

Nitaokoa mafuta?

Mjini, hapana. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo katika kilomita 100 kwa saa ni mara 4 ya ule wa kilomita 50. Faida, kama ipo, ni ndogo na huonekana barabara kuu tu. Spoila iliyosimama wima kwa ajili ya urembo huweza hata kuongeza matumizi. Ukitaka kuhakikisha, bandika vipande vya uzi wa sufu paani na kiooni, kisha mwenzako aliye abiria katika gari la nyuma apige video: nyuzi za paani zitalala zikielekea nyuma, na za kiooni zitachezacheza ovyo, nyingine zikielekea juu.

Nina keria juu ya paa. Je, inaathiri spoila?

Ndiyo, kwa sababu hewa huifikia spoila ikiwa imekwisha kuvurugwa. Keria tupu iondoe. Hatua hiyo haina gharama, na mara nyingi huzidi faida ya spoila yenyewe.