Kwa mnaoanza kazi kwenye chumba cha kupima saratani ya mlango wa kizazi

Wadogo zangu, asubuhi kabla hamjapanga spekulamu, vile vifaa vya kufungulia uke, angalieni mtungi wa gesi ya tiba mgando, ile ya kugandisha kwa baridi sehemu iliyobadilika, au chaji ya kile kifaa cha kuchoma kwa joto. Kama tiba haipo, mjue kabla akina mama hawajaketi kwenye benchi.

Nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, katika kituo kimoja cha afya hapa Tanzania, nilimpaka siki kwenye mlango wa kizazi mama aliyetoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Nikaona doa jeupe, dalili ya mabadiliko yanayoweza kuwa saratani baadaye, dogo, la kutibika palepale. Gesi ilikuwa imeisha. Nikampa tarehe ya kurudi, wala sikuchukua namba ya simu. Nauli ikamshinda. Alirudi baada ya miaka minne akitokwa damu kila baada ya tendo la ndoa, tukamwandikia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Kwa kawaida virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa huweza kuchukua 5 hadi 10 tu, na hatari yake ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Mimi nilikuwa nimefundishwa hayo yote.

Kuhusu siki yenyewe: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kisha subiri dakika moja kamili kwa saa, si kwa kukisia. Si kila weupe ni tatizo. Unaotafuta ni mzito, una kingo, na umegusa ule mstari ambapo ngozi ya nje ya mlango inakutana na ya ndani. Usipouona mstari wote, usiandike hasi. Kwa akina mama waliopita miaka 50 mara nyingi umeshaingia ndani. Na ukiona kidonda au uvimbe unaovuja damu ukiugusa, usigandishe wala usichome. Hiyo ni rufaa, leo hii.

Ukishatibu, kaa naye. Mwambie atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na asikutane na mumewe kwa mwezi mmoja. Asipoambiwa atadhani tumemharibu, na mtaa mzima utaacha kuja. Hilo la mwezi mmoja ni zito nyumbani kuliko tunavyodhani. Muulize kama angependa mzee aitwe muongee pamoja. Asipotaka, usimlazimishe.

Muulize pia kuhusu binti yake. Chanjo ya HPV ilianza nchini kote 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Atakuuliza kama inafunga kizazi. Mjibu kwa utulivu kwamba haifungi, hata akirudia mara tatu, kwa sababu jirani yake atamuuliza vilevile.

Siku hizi nina daftari. Kila aliyekutwa na mabadiliko ana namba mbili humo, yake na ya mtu mmoja anayemwamini. Ijumaa mchana nawapigia wasiorudi. Akipokea mwingine nasema tu namuulizia mama fulani, nataja jina langu, kazi yangu siitaji mpaka nimsikie mwenyewe.