Midoli kwa mtoto wa miaka 4 mwenye usonji

Dada, umeuliza umnunulie midoli gani mtoto wa miaka 4 mwenye usonji (autism). Kwa mtoto anayetafuna kola za nguo na kuziba masikio kukiwa na kelele, usianze na midoli ya taa na muziki, hata muuzaji aisifie vipi. Anza na kile anachokitafuta mwenyewe. Anatafuna? Mpe kitu cha silikoni kilichotengenezwa kwa kutafunwa, kipande kimoja kisichomeguka, na ukikague kila siku kama kimechanika. Anapenda kushikashika? Beseni la mchele na vikombe vya plastiki linatosha kabisa, ukiwa umekaa naye hapo. Maharage acha, yakiingia puani yanavimba.

Umri ulioandikwa kwenye boksi usikuumize kichwa, angalia anachoweza sasa. Kama bado hapangi vikombe viwili, pazo (picha ya kuunganisha vipande) ya vipande 50 ya nini? Ila onyo la usalama lifuate. Maadamu bado anatia vitu mdomoni, mdoli wowote unaopita kwenye ule mrija wa katikati wa toilet pepa ni mdogo mno kwake. Betri za duara bapa na sumaku ndogo ndiyo usiziingize nyumbani kabisa. Akimeza, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa kuwa uko Moshi, pitia kwanza mitumba ya soko la Memorial kabla ya madukani (bei utacheka), kisha osha vizuri. Yale mablanketi yaliyowekwa uzito ndani ili kumtuliza mtoto, mnayoyaona mitandaoni, usinunue kabla hujawauliza wataalamu wa utengamao pale hospitali ya KCMC.