Siku ya Mama Darasani, na Mtoto Aliyefiwa na Mama

SWALI: Ninafundisha chekechea jijini Tanga, katika darasa lenye watoto 23 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila inapokaribia Jumapili ya pili ya Mei hutakiwa tuandae kadi na ngonjera za kuwaenzi akina mama. Mwaka huu wawili kati ya watoto wangu wamefiwa na mama, na mwingine analelewa na bibi yake kwa kuwa mama anafanya kazi Muscat, Oman. Mzazi mmoja ameshauri tuiache kabisa siku hii. Nifanyeje?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, nakusihi usiiache. Aliyeiasisi siku hii huko Marekani alikuwa naye amefiwa: Anna Jarvis alimpoteza mama yake mwaka 1905, na ibada aliyoiandaa tarehe 10 Mei 1908 katika kanisa moja mjini Grafton, West Virginia, ilikuwa ya kumkumbuka marehemu huyo. Rais Woodrow Wilson aliitangaza rasmi mwaka 1914, na baadaye Jarvis mwenyewe alitumia miaka mingi kuwapinga wafanyabiashara walioigeuza kuwa msimu wa kuuza kadi na maua. Watoto wako wawili, kwa hiyo, wana haki kamili katika siku hii.

Tatizo ninaloliona liko kwenye kadi. Nilipokuwa nikifundisha, mwaka mmoja niliandaa kadi za darasa zima, zote zikiwa na neno “Mama” nililoliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa na bibi aliigeuza yake, akachora upande wa nyuma usio na maandishi, na bibi alipokuja kumchukua akamkabidhi upande ule. Tangu hapo sikuandika tena neno kwenye kazi ya mtoto kabla hajalisema yeye.

Badala ya kadi, watengenezee kanga ya karatasi. Hawa ni watoto waliobebwa mgongoni kwa kanga tangu uchanga, na wengi wanaijua kuliko kadi yoyote. Kata karatasi ya manila kwa umbo la mstatili, waache wapake pindo kwa vidole kwa rangi ya bizari iliyokorogwa na maji kidogo, na katikati, penye mji, kila mmoja amchore mtu wake. Kisha mwite mmoja mmoja kando umwulize: nani anakuogesha? Nani anakupikia uji? Ukianguka unamkimbilia nani? Atakalolijibu ndilo jina la kanga, nawe uliandike kama lilivyotoka kinywani mwake. Mtoto akisema “Bibi anapuliza uji wangu upoe”, usimsahihishie iwe “Nani kama mama”. Kanga zenye jina hilo zimejaa dukani, lakini ya uji haipo popote isipokuwa mkononi mwa mtoto huyo.

Tena kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Basi kila mtoto atengeneze viwili, kwa watu wawili anaowapenda. Mwenye mama atampa mama na shangazi, au baba, au dada anayemleta shule. Aliyefiwa atachagua kama wenzake, na hakuna atakayeonekana ametengwa.

Kabla ya kuanza, zungumza faraghani na walezi wa wale wawili ujue mtoto ameambiwa nini, kwa maana katika nyumba nyingi huambiwa kwamba mama amesafiri. Mtoto wa umri huu huuliza tena na tena mama atarudi lini, hata akiwa ameelezwa ukweli. Mkubaliane na mlezi jibu moja lililo wazi, na wala msiseme kwamba mama amelala, maana mtoto anaweza kuanza kuogopa usingizi.

Kuhusu yule wa Muscat, nchi nyingi za Kiarabu huadhimisha Siku ya Mama tarehe 21 Machi, na Jumapili huko Muscat ni siku ya kazi. Mwombe bibi akuambie saa ambayo mama huwa na nafasi ya kushika simu, ukikumbuka kwamba Muscat imetutangulia kwa saa moja, kisha upige picha ya kanga na kuituma pamoja na sauti ya mtoto akilisema jina la kanga yake.

Ngonjera ndefu ziache, wimbo mmoja mfupi unatosha. Usichangishe fedha, na usiwaite akina mama asubuhi, kwani wengine wako sokoni. Watoto wakabidhi kanga zao Ijumaa wanapochukuliwa, kwa yeyote atakayefika. Ikiwa mmoja wa wale wawili ametengeneza kipande kwa ajili ya marehemu mama yake, mwulize mlezi kama angependa kibandikwe nyumbani au kibaki darasani kwako, na popote kitakapowekwa, kiwe mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia mwenyewe.