Barua kwa mwanangu: hatukimbii kitu

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, wewe na baba mnakimbia nini hata muuze nyumba mkaishi kwenye mashua ya tanga?" Nilikosa la kusema. Nimekaa na swali lako siku tatu.

Hatukimbii kitu. Ulipoondoka wewe, na mdogo wako akafuata, nyumba ilibaki kimya. Baba yako sebuleni, mimi chumbani, tunakutana wakati wa kula. Hatukugombana, na afadhali tungegombana. Nilikuwa na miaka 54 nikiishi na mume wangu kama mpangaji mwenzangu.

Chomboni hayo hayawezekani. Wiki ya pili tulitia nanga kwenye ghuba ndogo. Usiku upepo ukageuka, nikaamshwa na mnyororo ukikwaruza miamba chini: nanga ilikuwa inaburuzika. Baba yako akaenda omo, yaani mbele ya mashua, na tochi, mimi nikawasha injini na kushika usukani. Kwa upepo ule hatukusikizana, tukasemezana kwa mikono. Kiganja wazi, simama. Kidole mbele, sogea. Kosa lilikuwa letu. Kina kilikuwa mita 6, nasi tulitoa mnyororo mita 20 tu. Ukiongeza maji kujaa na kimo cha omo juu ya maji unapata mita 8, na mnyororo hutakiwa uwe mara tano ya hapo: tulihitaji 40. Nanga iliposhika tena, baba yako akaja kuketi, mikono inamtetemeka, akasema, "Bila wewe ningeshindwa." Miaka 29 ya ndoa, mwanangu, neno hilo sikuwahi kulisikia kwake.

Yeye hupenda kumtaja baharia Joshua Slocum, aliyeng'oa nanga Boston mwaka 1895 akiwa na miaka 51, akaizunguka dunia peke yake na kurudi 1898. Mimi mfano huo siutaki. Peke yangu nisingetoka bandarini.

Najua swali lako limebeba hofu. Safari za usiku tunapokezana zamu za saa tatu tatu. Aliye juu hujifunga mkanda kwenye kamba ya usalama hata bahari ikiwa shwari, na haendi omo kabla ya kumwamsha mwenzake. Tanga tunalipunguza mapema, mara tu wazo linapotujia, maana ukingoja hadi upepo ukulazimishe kazi huwa mara mbili. Kifaa cha dharura, kile kinachopeleka ishara kwa setilaiti, kimening'inia karibu na ngazi. Tumekisajili, na namba yako ndiyo ya kwanza kupigiwa. Nilipaswa kukuambia mapema, nisamehe.

Magumu yapo. Magoti yananiuma, nguo hazikauki vizuri, na tangi la lita 300 limenifundisha kuosha vyombo kwa maji ya bahari na kusuuza kwa kikombe kimoja cha maji yasiyo na chumvi. Lakini zamu yangu inapokwisha, baba yako huinuka bila kusema neno, nami najilaza palepale alipotoka, mahali pangali na joto lake.

Njoo ukae nasi wiki moja. Ila usilete sanduku gumu, halina pa kuwekwa. Leta begi laini linalokunjika, na viatu vya soli nyeupe.

Mama yako